Safu na Kichaka: Uhakiki wa Fani ya Uwanja wa Shule, Rumonge

Wahakiki wetu wamezoea kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili, fani na maudhui, kisha maudhui yakapewa kurasa kumi na fani ikaambulia mbili. Mazoea hayo yamehamia kwenye elimu ya mazingira. Wizarani, shuleni na kwenye mashirika swali ni lile lile: watoto wafundishwe nini kuhusu miti, ziwa na udongo? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza funzo hilo limetiwa katika umbo gani.

Makala haya yanashika upande uliosahauliwa. Kazi inayohakikiwa haina jalada wala mwandishi mmoja. Ni uwanja wa shule uliorudishiwa uoto, au unaotaka kurudishiwa, katika ukanda wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kutoka Magara na Minago hadi Rumonge na kuteremka mpaka Nyanza-Lac. Dai langu ni moja: mpangilio wa mimea hufundisha kabla mwalimu hajafungua kinywa, na mara nyingi hufundisha kinyume cha maneno yake.

Mandhari

Anayetoka Bujumbura kwa barabara ya RN3 huenda kilomita sabini na kitu kabla ya kuingia Rumonge. Kulia kwake kuna ziwa, kushoto milima inayopanda ghafla, na katikati umebaki utepe mwembamba wa tambarare ya Imbo. Humo vimebanana vyote: barabara, nyumba, mialo, michikichi na shule. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu ya Burundi ni takribani asilimia 8 tu ya eneo lake. Mtoto wa Rumonge amezaliwa katika mji wa mawese na ndagala. Kirundi anakisikia nyumbani, Kiswahili sokoni na mwaloni, na shuleni anazikuta lugha hizo mbili pamoja na Kifaransa na Kiingereza.

Uwanja wa kawaida wa ecofo, kama watu wanavyoiita shule ya miaka tisa iliyoletwa na mageuzi ya mwaka 2013, ni ardhi iliyofagiliwa ikabaki tupu, bendera mbele ya madarasa, na pembezoni safu ya miti. Hilo ndilo andiko letu la kwanza.

Muundo wa safu

Katika ukanda huu safu ina chimbuko linalojulikana, nalo ni shamba la michikichi. Michikichi ya kisasa hupandwa kwa nafasi ya mita 9 katika pembetatu, na hesabu hutoka miche 143 kwa hekta. Umbo hilo lina akili. Kila mti hupata jua lake, mvunaji hupita na mzigo bila kujikwaa, na mwenye shamba huijua mali yake bila kuizunguka yote. Shambani, safu haina kosa.

Kosa huanza umbo hilo linapohamishiwa uwanja wa shule na kuitwa somo la mazingira. Mikaratusi ishirini kwenye mstari, umri mmoja, kimo kimoja, aina moja. Katika ushairi tungesema ni takriri, na takriri ina thamani pale neno linaporudi likiwa na uzito mpya. Mkaratusi wa kumi na nne hauongezi neno juu ya ule wa kumi na tatu. Mtoto akishauona mmoja ameiona safu yote, hana sababu ya kupiga hatua nyingine.

Hata hivyo safu si bubu. Inasema kwamba mti ni idadi. Ripoti inayopelekwa komuni inataka hesabu ya miche, na hakuna umbo linalohesabika upesi kuliko mstari. Kampeni ya kitaifa ya Ewe Burundi Urambaye, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeongeza hamasa ya kupanda miti, na hamasa ni jambo jema. Lakini hamasa inayopimwa kwa miche huzaa mistari. Mtoto wetu hupanga mstari asubuhi mbele ya bendera, hukaa mstari darasani, kisha hutolewa nje kwenda kuiona asili, naye anakuta mstari wa tatu.

Nisieleweke vibaya. Mkaratusi hutoa nguzo na kuni, na shule nyingi haziwezi kupika wala kujenga bila hizo. Upandwe, uvunwe, na uitwe kwa haki jina lake: shamba la kuni. Ubaya ni kulikabidhi shamba la kuni kazi ya kufundisha msitu.

Muundo wa tabaka

Andiko la kulinganisha haliko mbali. Kusini ya Rumonge, kando ya barabara ya kwenda Nyanza-Lac, kuna hifadhi ya Kigwena, kipande cha msitu wa tambarare kilichosalia karibu na ziwa huku ardhi inayokizunguka ikilimwa. Muundo wa Kigwena ni wa wima. Juu kabisa kuna vilele vinavyogombania mwanga. Chini yake miti midogo inayovumilia kivuli. Katikati zinapita kamba za msituni zinazopanda kwa migongo ya wengine. Kisha vichipukizi, kisha majani yaliyoanguka, kisha uyoga na mchwa wanaoyarudisha majani hayo udongoni. Hapa mtoto hana budi kuinua shingo, kuinama, kupiga magoti, kufunua jani. Umbo lenyewe linauamuru mwili wake usome.

Ukipanda mlimani, fani inabadilika. Hifadhi za Rumonge na Vyanda ni za miombo, na Vyanda inajulikana pia kwa sokwe wake. Miombo huweka sehemu kubwa ya masimulizi yake chini ya ardhi. Tukitazame kisiki kimoja kwa karibu, kilichobaki baada ya mti kukatwa kwa ajili ya makaa. Hakifiki goti. Gome limepasuka, mbao ya juu imeanza kuoza. Lakini kuzunguka ubavu wake kuna machipukizi manane au kumi yanayosongana, yote yakinywa kutoka mzizi ambao huenda umri wake unampita mwalimu mkuu. Watoto wakichagua matatu yaliyonyooka, wakayakata mengine kwa kisu kikali, matatu hayo yatarithi mzizi mzima. Wakifukua udongo wa juu kwa vidole wanaweza kukutana na nyuzi laini za kuvu zilizoshikamana na vimizizi. Kuvu hao huulisha mti na mti huwalisha, na mvua zikija baadhi yao hutoa uyoga ambao watu huokota na kuuza.

Mche wa miombo unaotoka kwenye mbegu ni hadithi nyingine. Unaweza kumaliza miaka kadhaa ukiwa chini ya goti, shina likifa kiangazi na kuchipua tena, nguvu zote zikienda kujenga mzizi. Machoni pa anayehesabu, mche huo umeshindwa. Machoni pa anayesoma, ndio kwanza unaandaa hadithi.

Tofauti ya masimulizi ndiyo hii: safu huanza na shimo tupu, kana kwamba kabla ya sherehe yetu ardhi haikuwa na habari. Kisiki humwingiza mtoto katikati ya kisa kilichoanza kabla hajazaliwa, naye anajifunza kwamba kazi yake ni kukiendeleza. Hilo ni funzo zito la mazingira, na halihitaji hotuba.

Umbo hili si geni Afrika Mashariki. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 uliuyumbisha utaratibu huo. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliuinua tena, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Wenye ngitili walikuwa familia, vijiji, na pia taasisi zikiwemo shule. Huko Dodoma programu ya Kisiki Hai inawafundisha wakulima kuchagua na kupogolea machipukizi badala ya kung'oa visiki. Na kwenye ziwa hili hili, upande wa Kigoma, mradi wa Tacare ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 ulivisaidia vijiji jirani na Gombe kutenga misitu yao. Moto na shoka vilipozuiwa, miti ilirudi ikitokea kwenye visiki. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwetu penye visiki hapana walinzi.

Wakati katika kazi hii

Sherehe ya kupanda miti ina mtiririko unaofahamika. Mashimo yamechimbwa jana. Mgeni rasmi anafika. Hotuba, mche, ndoo ya maji, picha, makofi. Kama ni tamthilia, basi ina onyesho moja, na pazia linashuka mhusika mkuu akiwa na kimo cha sentimita thelathini.

Mgogoro huja baadaye. Mvua za ukanda huu huanza kati ya Septemba na Oktoba na hukoma Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Ndipo moto unapotembea milimani, ndipo mche unapodai maji, na ndipo shule zinapofungwa kwa likizo ndefu. Mhusika ameachwa jukwaani peke yake saa ambayo kisa kimefika kileleni. Miche inapokufa tunawalaumu mbuzi na wapita njia, ilhali lawama ya kwanza ni ya mtunzi aliyeandika sura moja akaiita kitabu.

Kichaka kinachochipua kutoka kwenye visiki kina wakati wa aina nyingine. Miombo haingoji mvua. Mwishoni mwa kiangazi, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, hutoa majani mapya yenye wekundu wa shaba, ambayo hugeuka kijani polepole. Mwaka wa shule unafunguliwa majira hayo hayo. Mwalimu anayeanza muhula kwa kuwauliza wanafunzi kwa nini mti umevaa kabla mvua haijanyesha ana somo la wiki nzima mkononi, juu ya maji yaliyowekwa akiba shinani na juu ya mizizi inayofika mbali.

Watoto wa mji huu hawahitaji kufundishwa kwamba asili ina kalenda. Mwezi ukikomaa, wavuvi wa ndagala hupumzika, kwa sababu taa zao haziwavuti samaki usiku ambao ziwa zima lina mwanga. Kila mtoto wa mwaloni anajua hilo kwa tumbo lake. Kinachokosekana ni shule kuipokea elimu hiyo na kuiandika. Daftari moja la uwanja, linaloandikwa kila mwezi na darasa linalohusika na kukabidhiwa darasa linalofuata, lingeipa kazi hii kitu ambacho sherehe haina: mwendelezo.

Ukingo

Sheria ya Maji ya Burundi ya Machi 2012 imetenga mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo la ulinzi. Sheria haina jinsi, lazima iandike mstari. Ziwa haliandiki mistari. Katika mafuriko ya mwaka 2024 maji ya Tanganyika yaliingia majumbani katika mitaa ya ufukweni Rumonge, na familia zikahama. Ukingo halisi ni mkanda unaopanuka na kusinyaa: mchanga, kisha matete, kisha mafunjo, kisha maji yaliyotulia ambamo samaki wachanga hujificha katikati ya mashina.

Mkanda huo una kazi ya kuchuja, na hapa ndipo shule ya mlimani isiyoliona ziwa inapoingia katika kisa. Mito kama Murembwe hushusha udongo kutoka mashambani hadi ziwani. Mwaka 1993 mwanajiolojia Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba pale mashapo yanapomwagika kwa wingi kwenye ufuko wa Tanganyika, aina za samaki na viumbe wadogo hupungua kuliko pale maji yanapobaki safi. Ziwa hili lina zaidi ya aina mia mbili za samaki wa jamii ya kuhe, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wengi hula kwa kukwangua mwani kwenye mawe. Jiwe likifunikwa tope, sahani imefunikwa.

Jaribio la kulionyesha hilo ni jepesi. Mvua inyeshapo, watoto wakinge chupa moja ya maji yatokayo uwanja uliofagiliwa, na nyingine ya maji yaliyopita kwenye kichaka na majani makavu. Waziweke dirishani usiku kucha. Asubuhi wapime kwa rula tope lililotuama. Unene wa tope katika kila chupa ni sentensi ambayo kila mmoja ataisoma bila kutafsiriwa, nao mtaro wa shule utakuwa umepata maana yake: ni mwanzo wa ziwa.

Somo hili lifanyikie mtaroni na si majini. Viboko na mamba ni wahusika wa kweli katika ufuko huu, na Gustave, mamba aliyevuma kutoka Rusizi hadi Rumonge, hakuvuma kwa ngano tupu. Fani nzuri huchagua jukwaa lisilomla mwigizaji.

Sauti na nafsi

Shule ina lugha nne, lakini mabango ya viwanjani yana hali moja ya kitenzi: usikate, usikanyage, tunza. Ni nafsi ya pili inayoamriwa na sauti isiyojitaja. Mtoto hana nafasi ya kujibu. Amri hiyo inamfanya mtuhumiwa kabla hajawa mwanafunzi.

Tulikwisha kuliona tatizo hili likiharibu wazo kubwa. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka shule iungane na shamba na kijiji, na mageuzi ya elimu ya Burundi ya mwaka 1973 nayo yaliisogeza shule ya msingi karibu na maisha ya mkulima. Maudhui yalikuwa mapana. Lakini katika shule nyingi za kanda yetu fani iliyotumika iliyakata maudhui hayo miguu: jembe likawa la aliyechelewa, shamba likawa mahali pa adhabu. Watoto walisoma fani na kuelewa barabara kwamba udongo ni wa wakosaji.

Roots & Shoots, programu ya vijana, ilichagua sauti nyingine. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1991, vijana kumi na wawili wakizungumza na Jane Goodall nyumbani kwake, na leo imeenea katika makumi ya nchi. Goodall aliaga dunia Oktoba 2025, na umbo alilotuachia ni la swali: vijana wenyewe hutazama walipo, huchagua tatizo, huamua la kufanya kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Ni nafsi ya kwanza wingi, tena katika hali ya kuuliza.

Ugumu wa Burundi ni idadi. Tangu ada ya shule ya msingi ifutwe mwaka 2005, madarasa yamefurika na shule nyingi huingiza wanafunzi kwa zamu mbili. Walimu husema darasa kubwa haliwezi kutolewa nje. Nadhani ni kinyume chake, ila umbo lazima lipunguzwe. Kila kundi la watoto sita lipewe mraba wa mita moja kichakani, uliozungushiwa kamba ya mgomba. Kazi yao ni kuandika kilichomo leo na kilichobadilika tangu mwezi jana. Mshairi hufinywa na mizani ndipo neno lake linapokaza, na mraba nao hufanya vivyo hivyo kwa jicho.

Udhaifu wa kichaka

Mhakiki asipotaja udhaifu wa kazi anayoipenda, anaifanyia tangazo. Uwanja uliofagiliwa una hekima yake. Nyoka huonekana mapema, na watoto wana mahali pa mpira. Mzazi wa Rumonge anayekataa kichaka karibu na darasa si mjinga, na malaria na kipindupindu vimemfundisha kuogopa vichaka na maji yaliyosimama.

Jibu lake liko katika fani. Kichaka kiwe na mpaka unaoonekana, kikae mbali na madarasa na vyoo, na kipite ndani yake njia pana inayofagiliwa kila siku. Maji yatiririke, yasituame. Fagio na kichaka vikae pamoja, kila kimoja mahali pake, ili mtoto auone mpaka kati ya viwili hivyo na kuuliza kwa nini upo.

Hukumu

Safu inashinda kwa usafi, kwa hesabu na kwa picha, lakini kama kazi ya kufundisha asili imefeli, kwa kuwa haina tabaka, haina wakati, wala haimwachii msomaji kitu cha kugundua. Kichaka kilichorudishwa kina vyote vitatu, gharama yake ni ndogo kuliko ya safu, na kasoro zake zinarekebishika.

Basi mwalimu mkuu wa Imbo, na wewe wa milimani juu ya Rumonge, kabla hujaomba miche ya mwaka huu, zunguka kiwanja chako utazame ardhi. Palipo na visiki au mizizi hai, zungushia uzio robo ya eneo, kubaliana na majirani kuhusu moto na mbuzi, na umtafute mtu wa kupaangalia Julai na Agosti. Kwenye ripoti ya komuni, penye safu ya idadi ya miche iliyopandwa, andika sifuri, kisha waalike maofisa waje waone kilichoota.